Maya Angelou na binti aliyemwita kwa jina: je, ilikuwa haki kumkosoa mbele ya watu?

Mwalimu wa Fasihi (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naleta swali lililonishinda kulimaliza darasani, nikiamini kwamba humu wamo walioishi Marekani na wengine walioisoma historia yake kuliko mimi.

Nasimamia chama cha fasihi katika shule ya sekondari, na muhula huu tumekuwa tukisoma mashairi ya Maya Angelou, mshairi Mmarekani mweusi ninayempenda tangu nikiwa chuoni. Kwa kuwa wanafunzi hawakuwahi kumsikia mwenyewe akizungumza, niliwawekea kwenye kompyuta ile video fupi iliyosambaa sana mitandaoni mwaka 2019, ambayo asili yake ni kipindi cha zamani cha televisheni, wakati mshairi ana umri wa miaka 62. Katika video hiyo binti mmoja aliye miongoni mwa hadhira anasimama kuuliza swali kuhusu mahusiano ya watu wa rangi tofauti, na anamwita mgeni huyo "Maya". Angelou anamshukuru, kisha kabla ya kujibu chochote anamwambia kwamba yeye ni Bi. Angelou na si Maya. Kwamba ameishi miaka mingi na amejitahidi mno kiasi kwamba msichana wa umri ule hana ruhusa ya kumjia na kumwita kwa jina lake la kwanza. Na kwamba kwa binti yule yeye ni mama, ni shangazi, ni mwalimu.

Nilitarajia wanafunzi wangu waafikiane naye bila mjadala, maana hakuna hata mmoja wao anayeweza kuniita kwa jina langu kavu na akalala salama. Badala yake darasa liligawanyika. Wengi walisema kwamba amefanya vyema kabisa, na baadhi walipiga makofi. Lakini msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida husubiri wenzake wamalize ndipo aseme, aliomba nirudishe video nyuma hadi pale uso wa binti yule unapoonekana. Kisha akauliza: ikiwa mshairi anafundisha heshima, mbona anamshushua mtoto wa watu mbele ya kadamnasi, kwa kosa ambalo pengine nyumbani kwao halihesabiwi kuwa kosa? Nilimjibu kwamba mkubwa ana haki ya kufunza. Jibu hilo halikumtosheleza, na kusema kweli mimi mwenyewe liliniacha na kiu.

Naomba mnisaidie: ukali ule ulitoka wapi, na je, ulikuwa na haki?

Msomaji wa Historia (Nairobi)

Mwalimu, ahsante kwa swali zuri. Nadhani ugumu wake unatokana na kwamba wanafunzi wako wanaitazama video ile kwa macho ya Morogoro, ambako kumwita mtu mzima kwa jina lake ni utovu wa adabu tu, jambo la malezi. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani alikolelewa Angelou, jambo hilo lilikuwa sehemu ya mfumo wa utawala.

Angelou alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa St. Louis, lakini utotoni mwake alilelewa na bibi yake, Annie Henderson, katika mji mdogo wa Stamps, Arkansas. Bibi huyo alikuwa na duka lake na ardhi yake. Hata hivyo, kwa kanuni ya Kusini wakati ule, mzungu hakumwita mwanamke mweusi kwa cheo cha heshima kinachotangulia jina la ukoo, awe ameolewa, awe mzee, awe tajiri. Alimwita kwa jina la kwanza, au "shangazi", au "msichana" hata akiwa na wajukuu. Mwanamume mweusi naye alikuwa "kijana" mpaka anaingia kaburini. Upande wa pili, mtu mweusi aliyethubutu kumwita mzungu kwa jina tupu alihatarisha kibarua chake, na pengine roho yake.

Katika kitabu chake cha kwanza cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1969, Angelou anasimulia mabinti wa kizungu mafukara waliokuja dukani kumkejeli bibi yake. Baadhi ya watu wa tabaka hilo walikuwa wakiishi kwenye ardhi ya bibi huyohuyo. Mabinti hao walimwita "Annie", wakamwigiza alivyosimama, na mmoja akajipindua miguu juu ili kumwonyesha utupu wake. Bibi alisimama kibarazani akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Walipoondoka, akawaaga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina lake likitanguliwa na cheo cha heshima. Mtoto Maya, aliyekuwa ndani akichungulia kupitia wavu wa mlango, alilia kwa hasira. Mwambie mwanafunzi wako asome ukurasa huo kabla ya kuirudia video, maana aliyekuwa akizungumza akiwa na miaka 62 ni yule mtoto wa nyuma ya mlango.

Kuna kisa kingine humo humo. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi, Maya alipelekwa kufanya kazi katika nyumba ya mama mmoja wa kizungu aitwaye Bi. Cullinan. Jina lake halisi wakati huo lilikuwa Marguerite. Rafiki wa bibi yule wa nyumba aliona jina hilo refu mno, akashauri binti aitwe Mary, na ikawa hivyo. Mpishi wa nyumba hiyo, ambaye naye alibadilishwa jina miaka mingi kabla kwa sababu hiyohiyo ya urefu, alikwisha kulizoea jipya. Maya hakukubali kuzoea. Kwa ushauri wa kaka yake aliviangusha chini makusudi vyombo vya udongo ambavyo bibi yule alivipenda kuliko vyote. Katika kilio chake Bi. Cullinan alipiga kelele kwamba huyo si Mary, jina lake ni Margaret. Yaani hata katika kumrudishia jina lake, alikosea.

Wala msidhani mambo haya yaliishia vitabuni. Mwaka 1963 mwanaharakati mweusi aitwaye Mary Hamilton, wa CORE, shirika la kupigania haki za watu weusi, alikamatwa katika mji wa Gadsden, Alabama, wakati wa maandamano. Alipopanda kizimbani, mwendesha mashtaka alimwita "Mary" tu, ilhali mashahidi wa kizungu waliitwa kwa heshima zao. Alikataa kujibu swali lolote hadi aitwe Bi. Hamilton. Hakimu akamhukumu siku tano jela na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mnamo Machi 1964 ilibatilisha hukumu hiyo. Ilimpasa mtu apande ngazi zote za sheria za nchi yake ili tu aitwe kama wengine wanavyoitwa. Wakati hayo yakitokea, Angelou alikuwa na umri wa miaka 35 na alikuwa akiishi Accra.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ukali ule ulikuwa wa mtu anayedai deni, na binti yule kwa bahati mbaya alikuwa wa kwanza kusimama mbele ya mdai.

Mzee wa Mkunazini (Unguja)

Assalaam alaykum. Nimemsoma ndugu wa Nairobi na historia yake ni nzito, sina la kupunguza. Ila niruhusuni nisimame upande wa yule mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa sababu naona anaelekea kuzidiwa na wingi wa vielelezo, na alilosema lina uzito wake.

Binti yule wa kwenye video hakuwa mwendesha mashtaka wa Alabama. Nilivyomwona mimi ni binti mweusi, mjukuu wa haohao walionyimwa majina, na ukimtazama utaona kuwa amesimama kwa adabu na kuuliza kwa adabu. Deni la Bi. Cullinan hakulikopa yeye. Sisi tuliolelewa kwa watu wa mwambao tulifunzwa kwamba mtoto akikosea mbele ya wageni, mkubwa humfumbia jicho, kisha humwita kando wageni wakishaondoka. Kumsema mbele ya watu ni kumtia fedheha, na fedheha humfunza mtoto kunyamaza tu.

La pili, sisi hatuna budi kuwa waangalifu na neno hili heshima, kwa kuwa kwetu limetumika kwa mikono miwili. Mwana Kupona, ambaye utendi wake wa mwaka 1858 umesomwa na mabinti wa pwani kwa vizazi vingi, alimuusia mwanawe awe mpole, mwenye adabu na ulimi mzuri. Na katika wasia huohuo akamwonya asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Adabu ilikuwa na ukuta wake, na ukuta huo ulikuwa na watu upande wa pili. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, waliotoka upande ule wa pili walianza kudai heshima kwa njia walizozimudu: wanawake waliacha kaniki wakavaa kanga, baadaye wakavaa buibui, vazi lililokuwa la mabibi wenye nasaba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mwaka 1880 na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alikuja mjini akiwa mtu mzima, akajifunza kuimba, na ndipo akapewa jina la Siti, ambalo ni jina la bibi mheshimiwa. Kufikia mwaka 1928 sauti yake ilikuwa imerekodiwa kwenye sahani za santuri huko Bombay. Wapinzani wake hawakuacha kumtupia maneno kwamba jana tu ametoka shamba na kaniki zake, naye aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri na nasaba si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili.

Nawaombeni mtazame tofauti. Siti aliwajibu waliomdharau kutoka juu. Bibi yetu wa Marekani, katika ile video, alimjibu mtoto aliyekuwa chini yake. Mimi namheshimu sana kama mshairi, lakini hapo naona alimpiga asiyekuwa mpigaji.

Mama Shughuli (Mombasa)

Kwa idhini ya mzee wangu wa Unguja, nitasema machache na pengine yatauma.

Tunajadili Alabama ya mwaka 1963 ilhali katika nyumba zetu wenyewe, hivi leo, yumo mwanamke mwenye umri wa miaka 45, mwenye watoto na pengine mjukuu kijijini, ambaye watoto wa nyumba humwita kwa jina tupu au "wewe dada", na wageni humtaja kama "msichana wa kazi" yeye akiwa palepale anawamiminia chai. Watoto haohao wakiingia kwa jirani huamkia "shikamoo" hadi kwa shangazi wa miaka 25. Hawana tatizo la adabu. Wamejifunza vizuri sana ni nani anayestahili na nani asiyestahili, na aliyewafunza ni sisi.

Wakati wa ukoloni tuliona vibaya babu zetu kuitwa "boi" na watoto wa mzungu. Mwalimu, ningekuwa wewe ningewauliza wanafunzi wangu swali moja tu: mwanamke anayekufulia nguo nyumbani kwenu anaitwa nani, jina lote, na ni nani aliyekufundisha kumwita hivyo unavyomwita?

Mhamiaji wa Columbus (Ohio)

Ndugu zangu, naishi huku na nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, hivyo suala hili nakutana nalo kila zamu. Kanuni ya kazini ni kumwita kila mzee kwa jina analolipenda yeye, na limeandikwa kwenye faili lake. Wazee wengi wa kizungu wameandikiwa jina la kwanza, wala hawaoni taabu. Lakini tunao wazee weusi waliohamia kutoka Kusini, na karibu wote kwenye faili pameandikwa cheo na jina la ukoo. Mfanyakazi mpya mmoja, kijana mchangamfu tu asiye na ubaya, alimsalimia bibi mmoja wa aina hiyo kwa jina lake la kwanza. Bibi aliweka kijiko chini, akamtazama, akagoma kula hadi alipokuja mtu mwingine. Msimamizi alimwita kijana pembeni, akamweleza kwa utulivu. Kwa hiyo Mzee wa Mkunazini ameniwakilisha katika hilo la kumwita mtu kando, ingawa namwelewa pia bibi na kijiko chake.

Kuna jambo ambalo halijasemwa, nalo nadhani litamsaidia mwanafunzi wa Mwalimu. Angelou hakudai heshima kwa ajili yake peke yake. Kuanzia mwaka 1982 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wake Forest, jimbo la North Carolina, na waliokuwa wanafunzi wake wamesimulia kwamba mwanzoni mwa muhula aliwafanya wajifunze majina ya wenzao wote darasani, na kuitana kwa cheo na jina la ukoo, Bwana fulani na Bi. fulani. Vijana wa miaka 19 na 20, waliozoea kuitana kwa majina ya utani, waliitwa hivyo na profesa wa umri wa bibi zao. Yaani alichokidai alikitoa. Kadhalika alisimulia mara nyingi hadharani kwamba nyumbani kwake hakuruhusu mzaha wa kudharau watu wa kabila, rangi au jinsia yoyote. Aliamini kuwa maneno ni vitu, kwamba huingia kwenye kuta, mazulia na nguo, na mwisho humwingia mtu mwenyewe.

Na kipo kisa ambacho yeye mwenyewe alikisimulia kwenye mahojiano, cha wakati wa kutengeneza filamu ya Poetic Justice, iliyotoka mwaka 1993, ambayo aliigiza na pia mashairi yake yalitumika. Vijana wawili walikuwa wakigombana na kutukanana matusi mazito, watu wakiogopa kusogea. Angelou alimwendea mmoja wao, akamshika, akamuuliza ni lini mara ya mwisho mtu alimwambia jinsi alivyo na thamani. Akamkumbusha kwamba watu wao walisimamishwa mnadani na kuuzwa ili yeye aje kuwa hai leo. Kijana akaanza kulia. Angelou akampitisha kando, akawapa watu mgongo ili wasimwone, akampangusa machozi. Baadaye Janet Jackson, aliyekuwa mwigizaji mkuu, alishangaa kwamba amezungumza na Tupac Shakur, mwanamuziki mashuhuri wa rap. Mama wa watu hakuwa akimjua Tupac ni nani, na kila aliposimulia alifanya mzaha kwa hilo jina. (Nakiri kisa hiki kinanipendeza kuliko mashairi yake mengi, na mashairi yake nayapenda.)

Mzee wangu wa Unguja, hapo naona ile adabu ya mwambao uliyoieleza, ya kumsogeza mtu kando na kumkinga na macho ya watu. Mwanamke ni yuleyule. Kwenye televisheni, mbele ya kamera, hakukuwa na kando pa kumpeleka yule binti. Na pia, kama angelinyamaza, kila aliyekuwa akitazama angelihesabu kwamba ameridhika.

Mzee wa Mkunazini (Unguja)

Mwanangu wa Ohio, hoja ya kamera naikubali nusu. Kamera ilikuwepo kwa mtoto pia. Lakini kisa hiki cha kijana aliyepewa mgongo wa kumsitiri sikuwa nikikijua, na kimenilainisha zaidi ya mahakama zote za Marekani. Bi. wa Mombasa, maneno yako yameuma kama ulivyoahidi, nimewasomea wanangu.

Mwalimu wa Fasihi (Morogoro)

Nawashukuru nyote, na hasa kwa kutokubaliana.

Nimeamua kwamba kipindi kijacho sitaanza na video. Tutasoma kwanza kile kisa cha bibi kibarazani, ambacho nimekipata katika sura ya 5 ya kitabu, kisha kile cha Bi. Cullinan katika sura ya 16, na ndipo niwape nafasi wamtetee yeyote wampendaye, mshairi au binti. Hoja ya Mzee kuhusu wasia wa Mwana Kupona nitaiweka kipindi cha Kiswahili, kwa sababu utendi huo wanaufahamu kwa kuukariri na sidhani kama yuko aliyesimama kwenye ubeti ule wa watumwa na kuuliza. Swali la Mama Shughuli nitawapa waende nalo nyumbani, japokuwa natarajia kupigiwa simu na mzazi mmoja au wawili.

Yule msichana nilimwonyesha majibu haya kwenye simu yangu wakati wa mapumziko. Alisoma hadi mwisho, akasema kwamba bado anaona mshairi angeweza kumjibu binti swali lake kwanza, kisha akamkosoa. Halafu akaniuliza kama yale madarasa ya Wake Forest, ambamo profesa anakuita Bi. fulani ukiwa na miaka 19, yanapatikana pia Tanzania. Kama yupo humu mhadhiri anayefanya hivyo, tafadhali aandike, nimpelekee jibu.